Manguredjipa: kidonda kinachofichwa ndani ya suruali

Tarehe 5 Septemba 2025, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza kwamba mpox si tena dharura ya afya ya kimataifa. Siku tatu baadaye, usiku wa tarehe 8, waasi wa ADF waliingia Ntoyo, karibu na Manguredjipa katika Lubero, wakaua makumi ya watu waliokuwa kwenye matanga. Habari ya pili ilifunika ile ya kwanza, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Lakini kwa wanaume wanaochimba dhahabu katika sekta ya Bapere, habari hizo mbili zinakutana mahali pamoja: ugonjwa ambao kwa watu wazima wengi umeanzia kwenye ngozi ya sehemu za siri, na barabara ambayo mgonjwa anaogopa kuipita ili atibiwe.

Safari ya kidonda cha namna hiyo inajulikana. Kwanza mwanaume anakiacha, akidhani ni mkwaruzo wa suruali yenye udongo. Kisha anamuuliza mwenzake wa chimboni, na mwenzake anamtajia dawa. Anakwenda kwenye farmasi ya sokoni, anakuta kuna wanawake wanangoja, anasema anaumwa tumbo. Au anamtuma mtoto na jina la dawa kwenye kikaratasi. Dawa isiposaidia anatafuta majani. Majani yakimuunguza anarudi farmasi, safari hii kwa mafuta ya kupaka. Wiki tatu, nne zinapita, na wakati huo wote bibi yake yuko nyumbani na watoto wanalala kwenye kitanda kilekile. Muganga anamuona mwisho, kama anamuona.

Njia hiyo ndefu inageuza kidonda cha sindano moja kuwa ugonjwa wa nyumba nzima. Tangu 2023 ina hatari nyingine juu yake, kwa sababu kati ya vidonda vinavyofanana kwa macho kimeingia kimoja kinachoambukiza hata kwa kugusana tu.

Kilichotokea Kamituga

Kamituga iko mbali, katika Mwenga, Kivu Kusini. Maisha yake, hata hivyo, mtu wa Manguredjipa angeyatambua mara moja: dhahabu, vijana waliotoka pande zote, nyumba za pombe, wanawake wanaouza mwili kwa kukosa kazi nyingine, na pesa inayoingia jioni na kuisha kabla ya asubuhi. Ni huko, Septemba 2023, ambako waganga walianza kupokea watu wazima wenye vidonda vya sehemu za siri ambavyo havikuwa kaswende wala malengelenge ya kawaida.

Kabla ya hapo mpox nchini Congo ilijulikana kama ugonjwa wa msituni, wa watoto na wa watu wanaogusa wanyama wa pori. Mgonjwa wa kwanza kujulikana duniani alikuwa mtoto wa miezi 9 wa upande wa Basankusu, Équateur, mwaka 1970. Kamituga ilibadilisha picha hiyo. Watafiti walipochunguza wagonjwa 108 waliothibitishwa na maabara, umri wa katikati ulikuwa miaka 22, wanawake walikuwa zaidi kidogo ya nusu, na karibu 3 kati ya 10 walikuwa watu wa biashara ya ngono. Virusi vyenyewe vilikuwa tawi jipya, lililopewa jina Ib. Kutoka hapo ugonjwa ulifika Bukavu na Goma, ukavuka kwenda Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Tarehe 13 Agosti 2024 Afrika CDC ilitangaza dharura ya bara, na kesho yake OMS ikatangaza ya dunia. Chanjo za kwanza zilishuka Kinshasa tarehe 5 Septemba mwaka huo, na watu wa kwanza wakachanjwa Goma tarehe 5 Oktoba.

Kampeni zilizofuata zilikuwa na kasoro moja ambayo inastahili kusemwa. Picha nyingi za mabango zilionyesha uso, mikono na mgongo wenye vipele. Kwa watu wazima wengi wa Kamituga vidonda vilikuwa mahali ambapo bango haliwezi kuonyesha. Mwanaume mwenye vidonda vitatu kwenye uume na uso safi anatazama bango, anajiona hahusiki, anarudi farmasi kuuliza dawa ya sopisi.

Mpox inajitokeza ndani ya siku 1 hadi 21 baada ya kuambukizwa. Mara nyingi tezi za kinena zinavimba na kuuma, homa inakuja kabla au baada ya vipele, na kila kipele kinapita hatua zake: doa, uvimbe mdogo mgumu, maji, usaha wenye kishimo katikati, kisha gamba. Huchukua wiki mbili hadi nne. Mgonjwa anaambukiza mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya ijifunge chini yake. Hiyo ina maana shuka, taulo, wembe na nguo ya ndani vinahusika, si tendo la ndoa peke yake. Baada ya kupona, OMS inashauri kutumia kondomu kwa wiki 12 zaidi.

Si kila kipele ni ugonjwa

Hapa kuna upande wa pili ambao mazungumzo ya chimboni hayaufikii. Wanaume wengi wanapoteza pesa na usingizi kwa mambo ambayo si ugonjwa.

Vijana wengi wana vipele vidogo sana, vya ukubwa mmoja, vilivyopangwa kama shanga kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume. Haviumi, haviwashi, haviongezeki wiki hata wiki, na haviambukizi mtu. Ni sehemu ya mwili kama vile nywele. Wengine wana vidoa vyeupe au vya manjano hafifu kwenye ngozi ya uume au ya korodani, vinavyoonekana zaidi ngozi ikivutwa. Ni tezi za mafuta, na havina dawa kwa sababu havihitaji dawa. Ngozi ya sehemu hizo kuwa nyeusi kuliko tumbo au mapaja ni kawaida. Pia doa jeusi linaweza kubaki kwa miezi mahali ambapo kidonda kilipona, bila kuwa na ugonjwa wowote ndani yake.

Mwanaume anayechoma vipele hivyo kwa dawa kali au kuvikata kwa wembe ndiye anayejitengenezea kidonda cha kweli. Swali la kujiuliza ni rahisi: kitu hiki kimekuwepo tangu ujana bila kubadilika, au kimekuja juzi? Cha tangu ujana kinaweza kungoja siku ya kwenda hospitali kwa shida nyingine. Cha juzi hakingoji.

Kisha kuna magonjwa ya ngozi ambayo hayana uhusiano wowote na uzinzi, na Manguredjipa ina mazingira yake yote. Mtu anayesimama kwenye maji na tope kutwa nzima, na suruali ikamkaukia mwilini, anapata kuvu ya kinena: duara lenye ukingo mwekundu au mweusi, linawasha, linapanuka polepole kwenye mapaja. Familia za wakimbizi wa ndani zinazolala watu wengi kwenye chumba kimoja zinapata upele. Kwa mwanaume, upele una tabia ya kutoa vinundu vinavyowasha sana usiku kwenye uume na korodani, pamoja na vingine katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono. Bibi anayeona vinundu hivyo anaweza kuanzisha vita nyumbani bure. Dawa ya upele ipo na si ya ajabu, lakini haifai kitu kama anapakwa mtu mmoja: nyumba nzima inatibiwa siku moja, nguo na blanketi zinafuliwa na kuanikwa juani.

Kosa linaloharibu magonjwa haya mawili ni lilelile, mafuta yenye kotikoidi. Yapo kila soko la Butembo na Beni, mara nyingi kwenye tyubu moja iliyochanganya kotikoidi, dawa ya kuvu na antibiotiki, na baadhi ya watu wanayatumia kwa kujikoboa. Yanatuliza kuwasha ndani ya siku mbili, ndiyo maana yanapendwa. Chini yake kuvu inaendelea kutembea kwa raha, na ngozi ya korodani, ambayo ni nyembamba kuliko ya mkono na inanyonya dawa haraka sana, inazidi kuwa nyembamba mpaka inapasuka. Anayefika kwa muganga baada ya miezi mitatu ya mafuta hayo analeta ugonjwa ambao hata muganga hautambui kwa urahisi, kwa sababu sura yake imeshapotea.

Doa linalorudi palepale

Kuna alama moja ambayo imevunja nyumba nyingi bila haki, na haielezwi vya kutosha. Mwanaume anaamka na doa la duara kwenye kichwa cha uume, jekundu au la zambarau, wakati mwingine lenye lengelenge linaloungua. Linapona baada ya wiki moja au mbili na kuacha weusi. Baada ya miezi linarudi, mahali palepale, kwa umbo lilelile. Watu wanasema amerogwa, au kwamba bibi amemwekea dawa ili asitembee nje.

Mara nyingi ni mwili unaokataa kidonge fulani. Wa kwanza kushukiwa ni kotrimoksazoli, yaani Bactrim, ambayo katika mji wowote wa Kivu inauzwa kwa kuhara, kwa kikohozi, kwa kila kitu. Tetrasaiklini na baadhi ya dawa za maumivu zinaweza kufanya vilevile. Kila mara mtu anapomeza dawa hiyo, doa linaamka ndani ya saa chache au siku chache. Na kwa bahati mbaya ya kuchekesha na kuliza, mwanaume anayeona doa hilo anakwenda farmasi, anapewa Bactrim nyingine, na doa linachanua.

Dawa yake ni kukumbuka ulimeza nini siku chache kabla, kuacha, na kumweleza muganga ili aandike kwenye karatasi yako kwamba usipewe tena. Lakini kama pamoja na doa kuna malengelenge yanayosambaa mwilini, vidonda mdomoni, macho mekundu na homa, hiyo si hali ya kungoja kesho. Mwili unakataa dawa kwa nguvu inayoweza kuua, na mgonjwa anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kinachodanganya ni kile kisichouma

Katika magonjwa ya zinaa, wanaume wanaogopa maumivu. Kaswende inawapita kwa sababu haiumi. Kidonda chake cha kwanza huwa kimoja, kisafi, kigumu pembeni kikishikwa kwa vidole, na kinatokea kati ya siku 10 na 90 baada ya tendo, mara nyingi karibu wiki ya tatu. Kinapona chenyewe ndani ya wiki tatu hadi sita, hata bila dawa yoyote. Ndiyo maana kila kilichotumika wakati huo, majani au vidonge vinne vya antibiotiki, kinapewa sifa ya kuponya. Ugonjwa umebaki ndani ya damu. Unarudi baadaye kama madoa kwenye viganja na nyayo, na miaka mingi mbele unaweza kugusa moyo na ubongo. Ukikamatwa mapema, sindano moja ya benzathini penisilini ya yuniti milioni 2.4 inautosha.

Kidonda kinachouma sana, chenye ukingo uliochanika na usaha, pamoja na tezi ya kinena iliyovimba upande mmoja, kinaweza kuwa pangusa. Malengelenge madogo mengi yaliyokusanyika mahali pamoja, yanayopasuka, kupona na kurudi kila mtu akichoka au akipata homa, kwa kawaida ni hepesi. Vinyama vinavyoota kama ua la koliflawa ni sunzua. Na mpox inaweza kufanana na vyote hivyo katika siku zake za kwanza, tena inaweza kukaa pamoja na kimojawapo kwa mgonjwa mmoja. Hakuna anayeweza kuvitenganisha akiwa nyuma ya kaunta ya farmasi na mgonjwa amefunga mkanda. Kila kidonda kilicho wazi, cha aina yoyote, pia kinafungua mlango kwa virusi vya SIDA.

Kutahiriwa kunaleta usalama wa uongo katika jambo hili. Katika Congo zaidi ya wanaume 9 kati ya 10 wametahiriwa, na katika Lubero ni jambo la utotoni. Majaribio yaliyofanyika Kisumu nchini Kenya, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini yalionyesha kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanaume kupata virusi vya SIDA kutoka kwa mwanamke kwa karibu asilimia 60. Ni faida kubwa, na bado si kinga kamili. Mpox inaingia kwenye ngozi yoyote, iliyokatwa na isiyokatwa.

Kwa wachache ambao hawakutahiriwa kuna mambo yao. Wekundu na ute mweupe chini ya govi unaorudi mara kwa mara ni sababu ya kupima sukari kwenye damu, kwa sababu kisukari kinaweza kujitangaza kwa njia hiyo kabla ya dalili nyingine. Ngozi inayogeuka nyeupe, ngumu, ikikaza govi au kubana tundu la mkojo, inahitaji muganga hata kama haiumi, maana inaweza kufunga njia ya mkojo na, kwa baadhi ya watu, kufungua njia ya kansa. Kansa ya uume si ya kawaida, na inawakuta zaidi wenye umri mkubwa. Inaanza kama uvimbe mgumu, doa linalonenepa au kidonda kinachotoa damu na kukataa kupona. Aliye na kitu cha namna hiyo kwa zaidi ya wiki mbili hana sababu ya kujaribu tyubu nyingine.

Wakati wa kwenda

Kuna hali ambazo mgonjwa anapandishwa pikipiki saa ileile. Govi lililovutwa nyuma likakataa kurudi na kichwa cha uume kikaanza kuvimba ni mojawapo. Saa chache zinatosha kuua nyama. Kushindwa kukojoa ni nyingine. Na ngozi ya korodani au ya karibu na njia ya haja kubwa inayouma kupita inavyoonekana, inayovimba haraka, kugeuka nyeusi na kunuka, pamoja na homa, ni maambukizi yanayokula nyama kwa kasi, zaidi kwa wenye kisukari. Huyo anahitaji chumba cha upasuaji, na kwa mtu wa Manguredjipa hilo linaweza kumaanisha kuitafuta Butembo.

Kwa mengine, kipimo kinachofaa ni siku mbili tatu, si wiki tatu. Kidonda chochote kilicho wazi, malengelenge, usaha kwenye mkojo, tezi za kinena zilizovimba, au kipele kipya baada ya tendo na mtu mpya: ni kituo cha afya cha karibu, kabla ya farmasi. Kama kuna homa, au mtu mwingine nyumbani ameanza vipele, ni siku hiyohiyo, na mgonjwa analala peke yake kuanzia usiku huo. Kwa watoto wadogo mpox ni kali kuliko kwa baba yao.

Akifika, kinachofanyika hakitishi. Muganga anatazama kwenye mwanga, anagusa tezi, anauliza ni lini, dawa gani zimemezwa na mafuta gani yamepakwa. Kuleta boksi au tyubu yenyewe kunasaidia kuliko kuficha. Kuna kipimo cha haraka cha kaswende na cha virusi vya SIDA kwa tone la damu kidoleni. Akishuku mpox, anapangusa kidonda kwa kijiti maalumu na kipimo kinakwenda maabara. Wagonjwa wasio na hali mbaya wanaweza kutunzwa nyumbani wakiwa wametengwa.

Kuna ushahidi kwamba kutunzwa kwenyewe kunaokoa. Dawa ya tecovirimat, iliyongojewa kwa matumaini makubwa, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa mpox wa Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru. Matokeo yaliyotangazwa Agosti 2024 yalionyesha kwamba haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini vifo kati ya wote waliolazwa kwa jaribio hilo, pamoja na wale waliopewa kidonge kisicho na dawa, vilikuwa asilimia 1.7, wakati nchini kwa jumla vilihesabiwa kuwa asilimia 3.6 au zaidi. Tofauti hiyo ilitokana na kulishwa, kunyweshwa maji, kutibiwa malaria na maambukizi mengine, na kuangaliwa kila siku.

Kwa nini hawaendi

Aibu ni sehemu moja tu ya jibu, na pengine si kubwa kuliko zote. Manguredjipa iko karibu kilomita 100 magharibi mwa Butembo, kwa barabara inayopita Njiapanda, ambayo mvua na ADF wanaifunga kwa zamu. Novemba 2025 washambuliaji waliingia hata kwenye kituo cha afya cha Byambwe, katika Lubero, wakaua watu wakiwemo wanawake waliokuwa kwenye kitengo cha uzazi. Kumwambia mtu "nenda kituo cha afya" baada ya tukio hilo kunahitaji ujasiri, na kumlaumu kwa kuchelewa kunahitaji ujinga.

Vita vya upande wa kusini navyo vina bei yake. Goma, yenye maabara kubwa ya INRB ambayo ilijengwa kwa ajili ya magonjwa kama haya, imekuwa mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Januari 2025, uwanja wake wa ndege umefungwa, na serikali ya mkoa imehamia Beni. Kati ya Butembo na Goma kuna mstari wa vita. Kipimo na dawa ambavyo zamani vilipita barabara moja sasa vinatafuta njia za mzunguko.

Halafu kuna kumbukumbu ya Ebola. Ugonjwa uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 uligusa na zoni ya afya ya Manguredjipa, na mpaka ulipomalizika tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umehesabiwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa Februari 2019. Aprili mwaka huo Dk. Richard Mouzoko wa OMS aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali, Butembo. Watu walioona ndugu zao wakipelekwa nyuma ya plastiki na kurudi kwenye jeneza hawawezi kusikia neno "kutengwa" kama wengine wanavyolisikia. Wanaoongoza mapambano dhidi ya mpox katika Grand Nord wangefanya vema kulianzia hapo, kabla ya kuzungumzia vidonda.

Ebola hiyohiyo iliacha somo lingine linalohusu wanaume moja kwa moja. Tarehe 7 Februari 2021 ugonjwa ulitangazwa tena, safari hii zoni ya Biena, baada ya kifo cha mwanamke ambaye mumewe alikuwa amepona Ebola. Virusi vinaweza kukaa kwenye shahawa kwa miezi mingi mtu akiwa mzima kabisa. Wagonjwa walikuwa 12, wakafa 6. Kilichofichwa katika mwili wa mwanaume, hata bila kosa lake, mara nyingi kinajulikana kwanza kupitia bibi yake.

Kwa kaswende mambo ni yaleyale. Mwanamke mwenye mimba anapimwa damu kwenye kliniki ya wajawazito, kwa sababu kaswende isiyotibiwa inaweza kuua mtoto tumboni au kumzaa akiwa mgonjwa. Akikutwa nayo anachomwa sindano, na anapewa ujumbe wa kumpelekea mume: aje naye atibiwe. Mume anajitazama, haoni kidonda, kile cha mwezi wa tatu kilipona zamani. Anamuuliza bibi amekitoa wapi. Hiyo karatasi inabaki juu ya meza, na mimba inayofuata inaanza na ugonjwa uleule.